Jicho la Pili la Zahanati: Kufunga Kamera kwenye Hadubini kwa Gharama Ndogo

Mafia ni kisiwa, na kisiwa kina shida zake. Mgonjwa wa Jibondo, Juani au Chole akiambiwa aende hospitali ya wilaya Kilindoni, ni lazima kwanza avuke maji. Mgonjwa wa Kilindoni akiambiwa aende hospitali kubwa zaidi, ni lazima avuke bahari mpaka Nyamisati, kisha ashike njia ya barabara. Kusi likivuma sana, chombo hakiondoki. Ugonjwa nao haungoji upepo utulie.

Kwa hiyo mtu wa kisiwani huuliza swali ambalo mtu wa mjini hana haja ya kuuliza. Je, ni lazima mgonjwa asafiri? Au kinaweza kusafiri kitu kingine badala yake?

Leo tutazungumza juu ya jambo moja linaloweza kusaidia. Tutaeleza namna ya kufunga simu au kamera ndogo kwenye hadubini, ili kile anachokiona mtaalamu wa maabara kipigwe picha. Picha hiyo inaweza kutumwa kwa mtaalamu mwingine aliye mbali. Inaweza kuonyeshwa kwa mgonjwa mwenyewe. Inaweza pia kutumika kuwafundisha wanafunzi. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mkono mtulivu, vipimo sahihi na uaminifu.

HADUBINI NI NINI?

Hadubini ni chombo kinachokuza vitu vidogo ambavyo macho matupu hayawezi kuviona. Ina lenzi za aina mbili. Lenzi ya juu, ile unayochungulia, tutaiita lenzi ya jicho. Lenzi za chini ziko karibu na kioo chenye damu, choo au makohozi. Ukizidisha nguvu ya lenzi ya juu kwa nguvu ya lenzi ya chini, unapata ukuzaji wote. Lenzi ya jicho ya mara 10 ikitumika pamoja na lenzi ya chini ya mara 100, kitu huonekana kimekuzwa mara 1,000. Huo ndio ukuzaji unaotumika kutafuta vimelea vya malaria katika damu.

Shida ya hadubini ya kawaida ni moja. Anayechungulia ni mtu mmoja tu. Akisema, "Nimeona," wengine hawana budi kumwamini. Akisema, "Sikuona," vilevile wamwamini. Kioo kikishaoshwa, ushahidi umekwenda na maji.

Shida hii ni ya zamani. Robert Koch, daktari wa Ujerumani, aliona kwamba wataalamu walikuwa wakibishana juu ya michoro. Kila mmoja alichora alivyoona, au alivyodhani ameona. Mwaka 1877 Koch alitoa picha za bakteria zilizopigwa kwa kamera iliyounganishwa na hadubini. Mwaka 1882 alitangaza kwamba amegundua kijidudu cha kifua kikuu. Koch huyo huyo alifika Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898 kuchunguza malaria na maradhi mengine. Kwa hiyo kupiga picha kwa hadubini si jambo geni. Jambo geni ni kwamba leo kamera imo mfukoni mwa mvuvi, mkulima na mwalimu.

WENZETU WA PEMBA WALIJARIBU

Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa kisiwani Pemba. Wataalamu wa huko, pamoja na Isaac Bogoch, daktari kutoka Toronto nchini Kanada, walichukua simu yenye kamera. Juu ya jicho la kamera walibandika gololi ndogo ya kioo yenye upana wa milimita 3. Waliishika kwa utepe wa kunata pande mbili. Gololi hiyo iligharimu kama dola 8 za Marekani. Kwa chini waliangaza kwa tochi ndogo. Kisha wakatazama vioo karibu 200 vya choo cha watoto wa shule, wakitafuta mayai ya minyoo. Vioo hivyo vilitazamwa pia kwa hadubini halisi ili kulinganisha.

Gololi moja ya kioo inayokuza vitu ni ufundi wa kale. Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alitumia lenzi moja ndogo katika miaka ya 1670. Aliona viumbe vidogo ndani ya maji ambavyo hakuna mtu aliyepata kuviona kabla yake.

Matokeo ya Pemba yalikuwaje? Tuyatazame vizuri, maana yanatufundisha.

Katika kila vioo 100 vyenye mayai ya mchango, yaani yale minyoo marefu ya tumboni, simu iliyatambua katika vioo kama 81. Katika kila vioo 100 vyenye mayai ya minyoo mjeledi, iliyatambua katika 54. Lakini katika kila vioo 100 vyenye mayai ya safura, iliyatambua katika vioo 14 tu.

Fikiri juu ya namba hiyo ya mwisho. Watoto 100 wana safura. Simu yenye gololi inawaona 14. Watoto 86 wanaambiwa hawana kitu, wanarudi nyumbani, na minyoo inaendelea kunyonya damu yao. Wataalamu wale hawakuficha jambo hilo. Walieleza wazi kwamba kifaa chao kinahitaji kuboreshwa. Huo ndio uungwana wa kazi ya kitaalamu.

Kwa nini safura ilijificha? Yai lake lina ganda jembamba na jeupe, kama povu la maji. Urefu wake ni kama sehemu 60 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Ukiyapanga mayai 16 au 17 katika mstari mmoja, ndipo utapata milimita moja. Gololi ya kioo haiwezi kulionyesha vizuri.

Somo la Pemba ni hili: usibandike gololi kwenye simu ukadhani umepata maabara. Kama hadubini nzuri ipo, ifunge simu juu ya hadubini hiyo. Hadubini ndiyo inayokuza. Simu kazi yake ni kutunza kilichokuzwa.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Kwanza, hadubini iliyo safi na nzima. Kamera haiponyi hadubini mbovu. Lenzi ikiwa na ukungu, picha nayo itakuwa na ukungu.

Pili, simu yenye kamera nzuri. Si lazima iwe mpya. Simu iliyopasuka kioo pembeni lakini kamera yake ni safi inatosha.

Tatu, kava la plastiki la simu hiyo.

Nne, kipande cha bomba la plastiki la maji, au karatasi ngumu ya boksi.

Tano, karatasi nyeusi, gundi, utepe wa kunata, rula, na ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Pima lenzi ya jicho kwa nje, upande wa juu. Lenzi hizi hazilingani, kwa hiyo usikisie. Zungusha uzi, kisha upime uzi huo kwa rula. Huo ndio mzunguko wake.

2. Tafuta mahali ambapo kamera inatakiwa kukaa. Washa taa ya hadubini. Shika kipande cha karatasi nyeupe juu ya lenzi ya jicho. Utaona duara la mwanga. Inua karatasi polepole, kisha ishushe. Kuna mahali ambapo duara hilo huwa dogo kabisa na kali. Hapo ndipo jicho la mtu linapotakiwa kuwa, na hapo ndipo jicho la kamera linapotakiwa kuwa. Kwa hadubini nyingi ni kama sentimita 1 au 2 juu ya lenzi. Pima umbali huo na uuandike.

3. Kata bomba ili liwe kola. Kola ni pete ndefu itakayovaa juu ya lenzi ya jicho. Urefu wake utoshe kushika lenzi vizuri na pia kuacha ule umbali ulioupima. Kama bomba ni pana, lizungushie karatasi au ukanda wa mpira kwa ndani mpaka likae bila kucheza. Kama huna bomba, viringisha karatasi ngumu mara nyingi ukiipaka gundi.

4. Bandika karatasi nyeusi ndani ya kola. Weusi huo huzuia mwanga wa pembeni usiharibu picha.

5. Simu nyingi za siku hizi zina macho mawili au matatu ya kamera. Fungua kamera, kisha ziba jicho moja moja kwa kidole. Jicho ambalo ukiliziba picha inapotea, hilo ndilo unalolitumia.

6. Gundisha kola kwenye kava la simu, si kwenye simu yenyewe. Katikati ya kola ilingane sawasawa na jicho la kamera. Ikikaa upande hata kwa milimita 2, picha itakuwa na kivuli upande mmoja. Kabla gundi haijakauka, valisha kava kwenye simu, weka juu ya hadubini na ujaribu.

7. Simu ni nzito. Kama shingo ya hadubini imelala, simu inaweza kuteleza na kuanguka. Ifunge kwa ule ukanda wa mpira wa baiskeli. Usiiache peke yake.

Kazi ikiisha, vua kava lenye kola, uliweke katika mfuko safi. Simu inarudi kuwa simu, na hadubini inabaki kama ilivyokuwa. Hakuna kilichotobolewa wala kuharibiwa.

NAMNA YA KUPIGA PICHA

Kwanza tazama kwa jicho lako. Tafuta kitu unachotaka, kiweke katikati, na urekebishe mpaka kionekane kwa ukali. Ndipo uweke simu. Mtu anayeanza kutafuta kwa simu atapoteza muda mwingi.

Zima flashi ya kamera. Mwanga unaohitajika ni ule unaotoka chini ya kioo. Vuta picha kidogo tu mpaka ule ukingo mweusi wa pembeni upungue. Usivute sana, kwani kuvuta sana kwa simu hakuongezi ukweli wowote. Kunapanua tu kile kilichokwisha kuonekana.

Gusa katikati ya kioo cha simu ili ikae sawa. Kisha weka saa ya kamera isubiri sekunde 3 kabla ya kupiga. Sababu ni kwamba kidole kikigusa simu, hadubini yote hutikisika. Katika ukuzaji wa mara 1,000, mtikisiko mdogo ni kama tetemeko. Piga picha tatu, chagua iliyo nzuri.

Kama hadubini yako haina taa na inatumia kioo cha kuakisi, elekeza kioo hicho kwenye anga jeupe au dirisha. Usikielekeze kwenye jua kamwe. Jua likipita katika lenzi linaweza kuharibu jicho la mtu.

KAMERA ZA KUNUNUA

Zipo kamera ndogo zilizotengenezwa kwa kazi hii. Unatoa lenzi ya jicho, unaingiza kamera mahali pake, na waya unakwenda kwenye kompyuta. Hadubini nyingi zina tundu la upana wa milimita 23.2, na kamera nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Lakini pima kabla ya kununua. Zipo hadubini zenye tundu la milimita 30.

Uzuri wa kamera hiyo ni kwamba inakaa imara. Ubaya wake ni kwamba inahitaji kompyuta na umeme, na mara nyingi huonyesha sehemu ndogo tu ya katikati. Kwa zahanati ndogo, simu na kola ya bomba huenda ikafaa zaidi.

Wapo pia waliokwenda mbele zaidi. Taasisi ya Afya Ifakara, katika kituo chake cha Bagamoyo, imeshirikiana na vyuo vikuu vya Uingereza katika hadubini iitwayo OpenFlexure. Mwili wake huchapwa kwa plastiki na mashine maalumu. Ndani yake imo kamera ndogo pamoja na kompyuta ndogo. Michoro yake hutolewa bure kwa mtu yeyote. Maelezo yake ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 2020. Bagamoyo ni mkoa wa Pwani, na Mafia ni mkoa wa Pwani. Jambo hili si la ng'ambo tu.

PICHA ITATUFAA NINI?

Tutazame maradhi matatu.

La kwanza ni safura. Mtaalamu akitengeneza kioo cha choo kwa njia inayotumia dawa ya gliserini, mayai ya safura hupotea upesi. Dawa ile huyafanya meupe mpaka hayaonekani tena. Ni lazima kioo kitazamwe ndani ya nusu saa au saa moja. Mtu akija kukihakiki jioni, hataona kitu. Lakini picha iliyopigwa kwa wakati wake haipotei. Hapa picha inashinda kioo chenyewe.

La pili ni matende na mabusha. Ugonjwa huu tunaujua Mafia. Mwaka 2000 ugawaji wa dawa za kuutokomeza katika Tanzania Bara ulianzia kisiwani kwetu. Watu walimeza albendazo na ivermektini kwa pamoja. Watoto wa minyoo hii hutembea katika damu ya juu usiku, hasa kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 8. Mchana hujificha ndani ya mwili. Ndiyo sababu wazee wanakumbuka wataalamu waliokuja kutoboa vidole usiku. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka ambavyo havingoji usiku. Hata hivyo, minyoo hiyo ikionekana katika hadubini, picha yake inaweza kutumwa Kilindoni asubuhi bila mgonjwa kuamka.

Nchini Kamerun wameonyesha jinsi kamera ya simu inavyoweza kuokoa maisha. Huko kuna minyoo ya jicho iitwayo loa loa, ambayo si ile ya matende ya kwetu. Mtu mwenye minyoo mingi sana ya aina hiyo akimeza ivermektini anaweza kuzimia na hata kufa. Wataalamu wakatengeneza hadubini ndogo yenye simu. Inatazama tone la damu kwa muda wa dakika chache na kuhesabu minyoo kwa jinsi inavyotikisika. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Watu zaidi ya 15,000 walipata dawa baada ya kupimwa. Wachache waliokuwa na minyoo mingi, kama 2 katika kila 100, hawakupewa. Hakuna aliyepata madhara makubwa ya namna ile iliyohofiwa.

La tatu ni malaria. Katika zahanati nyingi leo hutumika kipimo cha haraka. Kipimo hicho ni kizuri na ni cha kutumika. Lakini hakihesabu vimelea, na baadhi yake huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata baada ya mgonjwa kupona. Hadubini huhesabu. Mtaalamu mwenye mashaka akipiga picha, mwenzake wa hospitali ya wilaya anaweza kumwambia, "Ndiyo, ni vimelea," au, "Hapana, hayo ni mabaki ya rangi."

NENO LA KUSHIKA

Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo. Hili ndilo jambo kubwa katika makala hii.

Picha moja inaweza kusema, "Yupo." Picha moja haiwezi kusema, "Hayupo."

Sababu ni hii. Kabla ya mtaalamu kusema damu haina malaria, anatakiwa kutazama sehemu zisizopungua 100 za kioo kile, moja baada ya nyingine. Picha ni sehemu moja tu. Ni kama kutupa nyavu mara moja, ukapata maji matupu, ukasema bahari ya Mafia haina samaki. Mvuvi yeyote atakucheka. Kwa hiyo mtu akikutumia picha moja safi na kusema, "Huna ugonjwa," usikubali.

Vilevile picha si cheti cha dawa. Watatokea watu wenye simu na kola watakaopita vijijini wakipiga picha na kuuza vidonge. Waulize: Umesomea wapi? Unafanya kazi katika kituo gani? Hadubini ni chombo cha mtu aliyefundishwa. Simu iliyofungwa juu yake haimfanyi asiyesoma kuwa mtaalamu.

SIRI YA MGONJWA

Damu ni ya mgonjwa, na picha ya damu yake ni siri yake. Mtaalamu aombe ruhusa kabla ya kupiga. Asiandike jina kwenye picha. Aandike namba, na namba hiyo iwe katika daftari la zahanati linalofungiwa kabatini. Aandike pia tarehe, aina ya kipimo na nguvu ya lenzi. Picha isiyo na maelezo hayo ni kama barua isiyo na anwani.

Asiitume picha kwenye kundi la marafiki katika simu. Aitume kwa mtaalamu anayehusika tu, kisha aifute kwenye simu yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu zimo katika yale yanayolindwa. Katika kijiji kidogo kila mtu anamjua mwenziwe. Neno likitoka maabara asubuhi, jioni liko barazani.

MGONJWA NAYE AONE

Kuna faida nyingine ya picha. Tuseme bibi mmoja amekwenda zahanati. Anachoka sana, na macho yake yamepauka. Mtaalamu kijana anamaliza kazi yake na kumwita.

"Bibi, njoo utazame hapa. Hili duara jeupe ni yai la safura."

"Hili limetoka kwangu, mwanangu?"

"Ndiyo, bibi. Minyoo imo tumboni, inanyonya damu. Ndiyo maana unachoka."

"Nayo iliingia wapi? Mimi chakula changu nakifunika."

"Haya hayaingii kwa chakula tu, bibi. Mengi huingia kwa nyayo. Mtu akijisaidia porini, mayai huanguliwa katika udongo wenye unyevu. Watoto wake hupenya ngozi ya mguu."

"Basi ni kule minazini tunakopita pekupeku."

Bibi huyo hakuhitaji hotuba ndefu. Ameona kwa macho yake. Wazee wetu walisema, kuona ni kuamini. Wale waliokuwa katika vikundi vya kusikiliza redio mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watakumbuka kwamba safura ilizungumzwa wakati ule, na watu wakachimba vyoo. Choo bado ndiyo dawa ya kwanza. Picha inamkumbusha mtu kwa nini alichimba choo, na kwa nini akitumie.

Shuleni nako itafaa. Darasa lenye wanafunzi 40 na hadubini moja hutumia kipindi kizima kwa foleni ya kuchungulia. Picha ikionyeshwa, wote wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mwalimu anaweza kuonyesha kwa kidole.

TUNZA HADUBINI

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Lenzi zikiachwa katika boksi lenye unyevu huota ukungu unaosambaa kama utando wa buibui. Baada ya kazi, futa mafuta kwenye lenzi ya mara 100 kwa karatasi laini maalumu. Usitumie kanga wala pindo la shati, kwani chembe moja ya mchanga huchora kioo. Funika hadubini na uiweke mahali pakavu penye hewa. Ukiifunga katika boksi, weka humo vifuko vya kukausha unyevu, na uvibadili vikichoka.

Ukitoka kushika choo au damu, usishike simu kwa glavu zile zile. Simu hiyo baadaye itakwenda sikioni, na nyumbani itashikwa na mtoto. Ni bora zahanati iwe na simu yake ya kazi hii, isiyotoka nje ya maabara.

Mwaka 1970 Mafia ilikuwa moja ya wilaya 6 za Tanzania zilizochaguliwa kuondoa ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Watu wazima walikaa chini ya minazi wakajifunza herufi. Herufi ni ndogo, lakini mtu aliyezijua hakudanganywa tena kwenye mizani. Vijidudu navyo ni vidogo. Kijiji kitakachojifunza kuviona, na kujua pia mpaka wa kuona huko, hakitadanganywa na muuza vidonge.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Zahanati ya kijiji chako ina hadubini? Kama ipo, inafanya kazi? Kama haipo, mgonjwa anapimwa wapi, na nauli yake ni kiasi gani?

2. Kwa nini simu yenye gololi kule Pemba iliona mchango vizuri lakini haikuona safura?

3. Mtu anakuonyesha picha moja na kusema huna malaria. Utamjibu nini?

4. Nani katika kijiji chenu aruhusiwe kuona picha za wagonjwa? Nani asiruhusiwe? Toeni sababu.

5. Kamati ya zahanati ikitaka kununua simu moja ya maabara, mtachangaje, na nani ataitunza?